Sura ya Sita: Askari Aliyeogopa Dhambi

Usiku wa tarehe 15 Mei, 1800, katika jumba la michezo la Drury Lane mjini London, Mfalme George wa Tatu alipokuwa ndiyo kwanza aingie rosheni yake, na ala zikipiga wimbo wa kumwombea dua, na watu wote wamesimama kwa heshima, mtu mmoja aliyekuwa safu za chini karibu na jukwaa alipanda juu ya kiti chake, akainua bastola ya askari farasi, akaifyatua kuelekea kwa mfalme. Risasi ilipita juu ikaingia ukutani. Mfalme hakukimbia, aliamuru mchezo uendelee, akakaa akautazama hadi mwisho. Yule mtu alikokotwa hadi chumba cha wapiga ala, na mwana wa mfalme, Mtawala wa York, alipokuja kumtazama, mahabusi alimsalimu kwa mahaba, kama askari amsalimuvyo jemadari wake wa zamani. Na kweli alikuwa jemadari wake.

Aliitwa James Hadfield. Miaka sita kabla ya usiku huo, katika vita vya Tourcoing vya mwaka 1794, Wafaransa walimkatakata kichwani kwa panga wakamwacha wakimdhania maiti, na jeraha moja liliingia ndani ya fuvu hata utando wa ubongo ukaonekana. Hakufa, lakini akili yake haikurejea ilivyokuwa. Jeshi lilimwachisha kazi mwaka 1796 kwa ajili ya wazimu, naye akarudi London kufanya kazi ya ufuaji wa fedha, akawa na mke na mtoto, na siku nyingi aliishi kama waishivyo watu wengine, ila zikimjia saa zake hudai leo kuwa ni mfalme na kesho kuwa ni Yesu. Kisha alikutana na fundi viatu mmoja, Bannister Truelock, aliyejipa kazi ya kuhubiri kwamba kiama kimekaribia na kwamba kifo cha mfalme kitaharakisha kuja kwake. Maneno hayo yakaangukia penye kichwa kilichokuwa tayari kuyapokea.

Hapa namwomba msomaji asiharakishe, kwa maana jambo linalotuhusu katika sura hii limo ndani ya hesabu aliyoifanya mtu huyu kabla ya kununua baruti yake. Hadfield aliamini kwamba Mungu ameazimia kuangamiza ulimwengu, na kwamba yeye, kwa kufa kwake, aweza kuwakomboa wanadamu kama alivyofanya Masihi wa kwanza. Kufa alikuwa radhi. Lakini kujiua kwa mkono wake mwenyewe, kwa mujibu wa dini aliyolelewa nayo, ni dhambi kubwa, na mkombozi hawezi kuanza kazi yake kwa dhambi. Basi alihitaji kufa kwa mkono wa watu wengine, tena kwa hukumu. Na hukumu ya kifo isiyo na shaka wala msamaha ni ile ya mhaini amwinuliaye silaha mfalme wake. Hakuwa na chuki na mfalme. Aliifyatua bastola ili serikali imtundike, na katika mpango wote huo jambo moja tu aliliogopa, nalo ni kumwasi Mungu wake.

Watu wengi wakisikia habari ya mwendawazimu aliyetenda jinai hudhani kwamba ndani ya mtu yule dhamiri imezimika, na kwamba hajui tena tofauti ya jema na baya, kama kwamba ugonjwa ulianza kwa kuing'oa sehemu hiyo. Kisa cha Hadfield chatuambia kinyume. Mizani yake ilikuwa nzima, na mkono ulioishika haukutetemeka. Mawe yaliyotiwa ndani yake ndiyo yaliyokuwa ya uwongo. Mtu aliyesadiki kwa yakini kwamba roho za viumbe wote zategemea kifo chake, naye akajitoa afe kwa ajili yao, na hata hapo akajizuia asivunje amri iliyo wazi, mtu huyo hakupungukiwa na hisia za wajibu. Wajibu ulimzidi kimo. Na iwapo habari zilizomfikia zingalikuwa za kweli, tungalimwita shahidi na tungalimjengea sanamu.

Lakini sitaki kumfanya Hadfield awe mtakatifu. Muda mfupi kabla ya usiku ule wa Drury Lane alimnyakua mtoto wake mchanga, ambaye mashahidi wote walikubali kwamba alimpenda mno, akataka kumbamiza ukutani, na lau si mama yake kumwokoa mtoto angalikufa. Huyo mtoto hakuwa mfalme, wala kumuua hakungalileta wokovu wa mtu yeyote kwa hesabu tuliyoieleza; hapo wazimu haukufuata mantiki, ulivamia tu. Wakili wake alilitaja jambo hilo mbele ya mahakama kwa makusudi, kwa kuwa alitaka watu waone kwamba upendo ulikuwapo na mkono ukainuka vilevile.

Wakili huyo alikuwa Thomas Erskine, msemaji bora kuliko wote wa zama zake katika mahakama za Uingereza, na kupatikana kwake kulikuwa na kichekesho ndani yake. Sheria ya Uingereza wakati huo haikumruhusu wakili kusimama na kuwahutubia watu wa juri kwa niaba ya mshitakiwa wa jinai kubwa ya kawaida. Aliyeshitakiwa uhaini peke yake ndiye aliyepewa fadhila hiyo. Hadfield angalimpiga risasi mwoka mikate, angalisimama kizimbani pasipo mtu wa kumsemea; kwa kuwa alimlenga mfalme, nchi nzima ilimpa ulinzi wa sheria, na Erskine mwenyewe hakuacha kulitaja hilo. Kichekesho cha pili hakikutajwa kwa sauti, ingawa hapana mtu katika ukumbi ule asiyekijua: mfalme aliyelengwa naye pia alikuwa amewahi kurukwa na akili, katika majira ya baridi ya mwaka 1788 kuingia 1789, hata tabibu wake, Francis Willis, alimfunga kwa mikanda kitini.

Mwanasheria Mkuu alisimama juu ya mafundisho ya zamani. Yalikuwa yametamkwa wazi katika hukumu ya mwaka 1724, kwamba asiyeadhibiwa kwa sababu ya wazimu ni yule aliyenyang'anywa fahamu na kumbukumbu kabisa, asiyejua atendalo zaidi ya ajuavyo mtoto mchanga au mnyama wa mwituni. Kwa kipimo hicho Hadfield alikuwa ameshindwa kabla ya kuanza, maana alinunua bastola, akachagua kiti, akangoja mfalme aingie, na alijua, tena ndiyo iliyokuwa tamaa yake, kwamba kitendo kile hulipwa kwa kifo. Erskine hakujaribu kuyakana hayo. Alijibu kwamba mtu wa namna ile anayeelezwa na vitabu, asiyejua jina lake wala mkono wake, hajapata kuonekana duniani. Kwamba wazimu wa kweli, ule uletao wagonjwa mahakamani, hukaa pamoja na akili nyepesi na hoja zilizopangika vizuri, ila hoja hizo zimesimama juu ya dhana ya uwongo ambayo mwenyewe hana uwezo wa kuitilia shaka. Akawakaribisha watu wa juri wakitazame kichwa cha mshitakiwa na makovu yake. Daktari wa upasuaji akashuhudia kuhusu jeraha, tabibu akashuhudia kuhusu akili, na Jaji Lord Kenyon akaona kwamba hapana haja ya kuendelea. Hadfield alionekana hana hatia, kwa kuwa alitenda akiwa chini ya nguvu za wazimu.

Tazama alivyonyimwa kifo alichokitaka. Bunge, kwa hofu kwamba mtu kama huyo atatoka aende zake, lilipitisha upesi sheria ya kuwaweka kizuizini watu wa aina yake mpaka mfalme atakaporidhia vingine, na sheria ikamrudia yeye mwenyewe. Alifungwa katika hospitali ya Bethlem, akaishi miaka mingi baada ya mfalme aliyemlenga kufa, akafa mwaka 1841 kwa kifua kikuu, bila ya kumkomboa yeyote.

Miaka miwili baadaye Daniel M'Naghten, mchonga mbao wa Glasgow aliyeamini kwamba chama cha Tory kimemwekea wapelelezi wa kumwandama hadi Ufaransa, alimpiga risasi Edward Drummond, katibu wa waziri mkuu Sir Robert Peel, ambaye inaelekea alimdhania ni Peel mwenyewe. Naye alionekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, na Malkia Victoria akakasirika, na majaji wakaitwa mbele ya Baraza la Malodi waeleze sheria ni ipi. Majibu yao ya Juni 1843 ndiyo kanuni iliyosafiri na bendera ya Uingereza kote ilikopeperushwa. Maana yake ni kwamba mtu hataadhibiwa iwapo, kwa kasoro ya akili iliyotokana na maradhi, hakujua alitendalo ni nini, au, kama alilijua, hakujua kwamba ni kosa. Wakaongeza jibu lililo gumu kupita yote: mwenye dhana moja ya uwongo, na katika mambo mengine ni mzima, ahukumiwe kana kwamba dhana yake ni kweli. Akidhani fulani anataka kumwua naye akajitetea, hana hatia. Lakini akidhani fulani amemharibia jina na mali, naye akamwua kulipiza kisasi, hukumu impate, kwa kuwa hata mtu aliyeharibiwa jina kweli hana ruhusa ya kuua.

Mimi huliona jibu hili kuwa ni la kistadi na la kikatili kwa pamoja. Ni la kistadi kwa sababu limetambua jambo alilolitambua Erskine, kwamba ndani ya wazimu mna hukumu ya haki na batili yenye kufuata utaratibu wake, na kwamba hukumu hiyo yaweza kupimwa. Ni la kikatili kwa sababu linamtaka mgonjwa awe mwendawazimu kwa adabu: aamini kwamba dunia nzima inamwandama usiku na mchana, asilale, aone ishara katika kila gazeti na kila mpita njia, kisha aketi chini atulie apime kiasi halali cha kujitetea kama apimavyo wakili ofisini mwake. Kwetu sisi maneno ya 1843 yalifika kwa jinsi yake. Sheria za jinai zilizotungwa mwaka 1930 kwa Kenya, Uganda na Tanganyika zilichukua kiini chake, nazo zauliza kama mtu, kwa maradhi yaliyomdhuru akili, alishindwa kufahamu alitendalo, au alishindwa kujua kwamba hakupaswa kulitenda. Na ile desturi iliyoanzishwa kwa ajili ya Hadfield, ya kumweka mtu ndani bila ya kikomo mpaka mkuu wa dola aridhie, ilirithiwa pia, ikawajaza watu katika sehemu za ulinzi mkali za hospitali ya Mathari mjini Nairobi, na Isanga huko Dodoma.

Kosa, lakini kosa la namna gani? Hapo ndipo wanasheria walipokhitalifiana, na khitilafu yao haikuwa ya maneno matupu. Mwaka 1952 Mahakama ya Rufaa ya Jinai ya Uingereza iliamua kwamba kujua kosa ni kujua kwamba sheria inakataza, basi. Na mtu aliyewaambia polisi kwamba yamkini atanyongwa kwa alilolitenda alikuwa amekwisha kujihukumu. Kwa kipimo hicho Hadfield, ambaye alichagua uhaini hasa kwa sababu sheria yaukataza, angalikuwa mwenye hatia kuliko watu wote waliowahi kusimama kizimbani. Marekani, mwaka 1915, Jaji Benjamin Cardozo wa New York alikuwa amelitazama jambo kwa upande mwingine, akatoa mfano wa mama ampendaye mtoto wake ambaye, kwa wazimu, asadiki kuwa Mungu amemtokea na kumwamuru amchinje. Mama huyo anaijua sheria na anajua alitendalo, lakini kusema kwamba anajua ni uovu, alisema jaji, ni kuifanyia sheria dhihaka. Ajabu ni kwamba mshitakiwa aliyekuwa mbele yake siku ile, padri aliyemwua mwanamke, alikuwa amekiri kwamba ile sauti ya Mungu aliyodai kuisikia ilikuwa uwongo wa kubuni, na rufani yake ikatupwa. Hoja njema ikazaliwa katika kesi ya mwongo.

Mfano wa Cardozo ulikuja kuvaa mwili huko Texas mwaka 2001, mama mmoja aliyekuwa na ugonjwa mkubwa wa akili baada ya uzazi alipowazamisha watoto wake watano katika beseni la kuogea, akiamini kwamba watapotea motoni wakikua mikononi mwake, na kwamba kufa kwao katika utoto ndiyo njia pekee ya kuwaokoa. Baada ya kutenda aliwapigia simu polisi mwenyewe. Waendesha mashitaka walisema simu ile ni ushahidi kwamba alijua ni kosa, na juri ya kwanza ikakubali. Hukumu hiyo ikabatilishwa kwa sababu ya ushahidi wa uwongo wa mtaalamu mmoja, na juri ya pili, mwaka 2006, ikaona kwamba hakuwa na hatia kwa sababu ya wazimu. Msomaji aliyemfuata Hadfield hadi hapa ataona kwamba simu ile ina maana mbili, na kwamba maana ya pili, ya mama aliyetenda jambo la kutisha kwa ajili ya wema wa wanawe na akajitoa kwa adhabu, si nyepesi kuliko ya kwanza.

Mwambao wetu ulikuwa na fikra juu ya mambo haya karne nyingi kabla ya majaji wa 1843. Kila mwanachuoni aliyeketi mbele ya shekhe wake Lamu au Unguja alifundishwa hadithi isemayo kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Katika riwaya iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daud, mwanamke mwendawazimu aliyezini aliletwa kwa Khalifa Umar, naye baada ya kushauriana na watu akaamuru apigwe mawe; Ali bin Abi Talib akapita, akaulizia, akamrudisha, akamkumbusha khalifa habari ya kalamu, na Umar akamwachilia. Taklifu, yaani mzigo wa amri na makatazo, husimama juu ya akili, na akili ikiondoka mzigo huondoka nayo. Wanazuoni wakaendelea kupambanua: kuna wazimu wa kudumu na kuna wazimu wa kuja na kwenda, na mwenye wa pili, saa azindukanapo, hurudiwa na sala yake, biashara yake na jukumu lake lote, kwa kiasi cha ule muda wa uzima.

Linalonivutia zaidi, hata hivyo, ni lile wasilolisema upesi watoa mawaidha, kwamba kuinuliwa kalamu hakufuti damu. Mwendawazimu akiua hapana kisasi, lakini diya ipo. Na wanazuoni wengi, ingawa hawakuafikiana wote, walikihesabu kitendo chake kuwa ni kama khatia ya asiyekusudia, na malipo wakayatwika akila, yaani jamaa zake wa upande wa kiumeni. Basi jamii haikulazimika kuchagua moja kati ya kusema kwamba huyu ni mwovu na kusema kwamba hapakutokea kitu. Ilisema kwamba limetokea jambo zito, na mtendaji hakuweza kulaumiwa, na walio karibu naye wataubeba uzito wake. Sheria za Kiingereza, kwa wingi wa busara zake, hazikupata kuwa na nafasi hiyo ya katikati. Zilikuwa na kitanzi na zilikuwa na Bethlem.

Nimesema kwamba mizani ya mgonjwa ni nzima, na yanipasa niitie mpaka kauli hiyo, maana haisimami kila mahali. Katika ile hali ya kupandwa na furaha na nguvu zisizo na kiasi, mtu hujiona yu juu ya sheria na juu ya hisia za wenziwe, akatapanya mali ya watoto wake huku akicheka. Hapo si habari za uwongo pekee zilizoingia, bali hata ule uwezo wa kujali umelegea kwa muda. Na katika skizofrenia iliyokaa miaka mingi, aghalabu baridi huingia katika nia na mapenzi, hata mtu akaacha kutaka jambo lolote, jema au baya. Maradhi haya si machache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba skizofrenia peke yake inawapata watu milioni 24 hivi, karibu mmoja katika kila watu 300. Walio wengi kati yao hawajamdhuru mtu, na wao ndio wanaodhuriwa mara nyingi zaidi. Wapo wasikiao sauti zikiwaamuru kila siku kuumiza jirani au kujiumiza wenyewe, nao wakakataa, kila siku, kwa miaka, pasipo mtu wa kuwashukuru. Sijui ni nani kati yetu wazima aliyepata kuitumia dhamiri yake kwa bidii hiyo.

Siku 20 kabla ya Hadfield kufyatua bastola yake, mshairi William Cowper alikufa katika mji wa East Dereham, na maisha yake yatuonyesha upande mwingine wa jambo hili, pale uongo unapoingia si katika habari za ulimwengu bali katika kesi ya mtu dhidi ya nafsi yake. Mwaka 1763, alipokabiliwa na mtihani wa kupata kazi ya ukarani katika Baraza la Malodi, fadhaa ilimshika akajaribu kujiua mara kadhaa. Akatibiwa na Daktari Nathaniel Cotton huko St Albans, akapona, akawa mcha Mungu. Mnamo 1773 akaota ndoto iliyomwambia kwamba ameangamia. Tangu hapo aliamini kwamba Mungu alimwamuru ajitoe uhai wake, na kwamba kwa kutoitii amri hiyo amefungiwa mlango wa rehema, yeye peke yake kati ya viumbe wote. Akaacha kuhudhuria ibada, akaona kuomba ni ujasiri usiomfalia. Mtu huyohuyo aliwaandikia marafiki barua za faraja, aliwafuga sungura kwa huruma nyingi, na mwaka 1788 alitunga mashairi makali ya kupinga biashara ya watumwa, wakati ambapo wengi wa matajiri wa nchi yake walikuwa wakila faida yake bila ya kukosa usingizi. Juu ya kila mtu mwingine hukumu yake ilikuwa ya insafu. Juu ya nafsi yake alikuwa kadhi asiyesikiliza shahidi wala rufani.

Rafiki wa Cowper na jirani yake huko Olney alikuwa mchungaji John Newton, aliyekuwa nahodha wa majahazi ya watumwa kati ya mwaka 1750 na 1754. Newton alikuwa amekwisha kuongoka kabla ya kushika unahodha. Alisali jahazini, aliandika fikra zake za dini, na chini ya sitaha mlikuwa na watu waliofungwa pingu. Alipokuja kuandika juu ya uovu wa kazi ile, katika mwaka uleule wa 1788, ilikuwa imepita miaka zaidi ya 30, na aliandika kwa haya na toba ya kweli. Lakini katika miaka yote hiyo hapana tabibu aliyemshuku akili. Fikra yake haikuwa na dhana moja isiyotikisika isiyoshirikiwa na wafanyi biashara wa Liverpool, na hiyo ndiyo ilikuwa kinga yake: uongo alioishi nao ulikuwa wa watu wengi. Watu wa pwani hii, ambako masoko ya watumwa yaliendelea karibu karne nzima baada ya hapo, mbele ya watu wenye akili timamu na wenye kusali, hatuna haja ya kuelezwa.

Na kama ni kweli kwamba mtu aweza kuwa na dhana za ajabu na bado akajua haki ya mwenziwe, basi swali la vitendo ni hili: tumwachie nini mikononi? Swali hilo liliwahi kujibiwa kwa ukamilifu usio wa kawaida katika mji wa Dresden, Ujerumani, na aliyelazimisha lijibiwe alikuwa yeye mwenyewe jaji. Daniel Paul Schreber aliteuliwa mwaka 1893 kuwa mmoja wa wakuu wa mahakama ya rufaa ya mji huo, na katika muda wa miezi akaugua, akaishia katika hospitali ya Sonnenstein. Aliamini kwamba Mungu anamfikia kwa miale inayoingia katika mishipa yake, kwamba ndege huzungumza naye, na kwamba mwili wake unageuzwa taratibu kuwa wa mwanamke ili kutokana naye kizaliwe kizazi kipya cha wanadamu. Alivua shati mbele ya kioo akajipamba kwa utepe na mikufu ya bei rahisi. Mahakama ikamtoa katika hesabu ya watu wenye uwezo wa kujiendeshea mambo yao, ikamweka chini ya msimamizi.

Schreber alikata rufani, akaiandika mwenyewe. Hakuikana hata chembe moja ya itikadi zake. Alikubali kwamba wengine wataziona ni wazimu, na hakuwadai wasadiki. Alichosema ni kwamba hazimhusu msimamizi. Hajapata kuipuuza haki ya mke wake, hana nia ya kutumia mali ya nyumba kueneza habari za miujiza, na mapambo yake, aliyaeleza kwa utulivu wa karani wa hazina, yamegharimu fedha kidogo sana. Mkuu wa hospitali, Daktari Guido Weber, ambaye ushahidi wake ulimpinga, alikuwa mkweli kiasi cha kukiri kwamba mgonjwa alikula naye mezani kwa miezi mingi, akizungumza juu ya siasa, sheria na sanaa kwa adabu na ujuzi, na hakuna mgeni ambaye angeshuku lolote. Baadaye Schreber alimwandikia pia Profesa Paul Flechsig, tabibu wake wa zamani aliyemwamini kuwa ndiye chanzo cha mateso ya roho yake, barua ya wazi iliyojaa heshima, akisema hana kinyongo naye na kumwomba maelezo. Na sijui ni wangapi kati yetu wamwandikiao hivyo mtu wanayemdhani aliwaharibia maisha.

Mwezi Julai 1902 mahakama ya rufaa ya Dresden, ileile aliyokuwa mmoja wa wakuu wake kabla ya ugonjwa, ilimrudishia haki zake zote. Majaji hawakusema kwamba amepona. Walisema wazi kwamba ni mwenye maradhi. Waliuliza kama maradhi hayo yameingia katika mambo anayotakiwa kuyatenda kama mume, kama mwenye mali, kama raia, wakaona kwamba hayakuingia. Kikabaki kitabu alichoandika juu ya habari zake, alichodhamiria kukichapisha, nacho kilikuwa na maneno machafu yasiyosemeka mbele ya watu, na wapinzani wake walidai kwamba mtu awezaye kujiaibisha hivyo, yeye na jamaa zake, hana budi kuzuiwa. Majaji wakayapitia maneno yale. Wakaandika katika hukumu yao kwamba lugha ile si ya mrufani; ni ya sauti zilizokuwa zikimsemesha, naye hakufanya zaidi ya kuzinukuu kwa uaminifu.